Hii ni Furaha Tu

Simu kutoka Mikumi ilimkuta Mhoja gulioni katika kijiji cha Ulaya, wilayani Kilosa, amechuchumaa mbele ya fungu la vitunguu akibishana na muuzaji. Namba hakuijua. Alipoipokea, sauti ya mwanamke, nzito na isiyo na haraka, ikamuuliza kama anaongea na Mhoja Shilinde, yule aliyeomba kazi ya kuendesha watalii katika Kambi ya Mgunga.

"Ndiyo, ni mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Naitwa Hildegarda, meneja wa kambi. Jumatano unaweza kufika? Tutaongea kidogo, halafu utatuendesha porini tuone mkono wako."

Mhoja alisema anaweza. Hata angeambiwa afike kesho alfajiri kwa miguu, angesema anaweza. Simu ilipokatika alisimama, akachuchumaa, akasimama tena. Akashika njia ya nyumbani mbiombio, vitunguu kaviacha, mwavuli kauacha, mpaka muuzaji akamkimbilia huku akicheka: "We dada! Umeshinda bahati nasibu au umepata mchumba?"

Hakuwa ameshinda wala hakuwa amepata mchumba. Ila tangu utotoni, alipokuwa akichunga ng'ombe wa baba yake kijijini kwao Zombo, kila gari la watalii lililopita kwenye vumbi la njia kuu lilikuwa linamwacha amesimama na fimbo yake, analitazama mpaka lipotee. Wazazi wake walihamia huku na mifugo yao kutoka Bariadi yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na nyumbani kwao mnyama alikuwa ng'ombe. Yeye alitaka wale wengine, wa porini. Alisomea utalii Morogoro, akasomea udereva, akapata leseni. Na sasa Mikumi imempigia simu.

Nyumbani alimkuta mama yake, Marciana, anapeta mchele uani. Mhoja alianza kusimulia kabla hajafika kivulini, maneno yanakanyagana, mikono inaruka huku na huku. Marciana akaweka ungo chini. Habari hakuwa akiisikiliza. Alikuwa anayatazama macho ya mwanawe.

"Jana ulilala?" aliuliza kwa Kisukuma.

"Nililala, mama."

"Dawa?"

"Nilikunywa. Mama, nitazame vizuri. Hii ni furaha tu."

Marciana akajaribu kutabasamu, tabasamu likafika nusu ya njia.

Usimlaumu. Miaka minne iliyopita, Mhoja akiwa mwaka wa mwisho chuoni, ugonjwa ulimjia ukiwa na sura ya furaha hasa. Ulianza na kukosa usingizi, na ajabu ni kwamba hakuchoka. Alifua mapazia ya bweni zima. Aligawa nguo zake. Aliongea bila kituo, wazo moja halijaisha jingine limeshapanda juu yake, na kila wazo lilionekana zuri kuliko lililotangulia. Siku moja akashika barabara ya Dumila bila viatu, anawaambia wapita njia kwamba ameteuliwa kuongoza msafara wa wanyama wote wa Tanzania. Kuna waliomcheka. Kuna waliomrekodi kwa simu. Dereva mmoja wa lori akamfunika kitenge na kumkabidhi kwa watu wa chuo, nao wakampeleka hospitali.

Baada ya kilele likaja bonde. Miezi mingi alilala ameuelekea ukuta, na kuoga tu kulikuwa kazi kama ya kulima heka nzima. Kijijini ugonjwa ulipewa majina yote: kachizika, karogwa, ana mapepo. Daktari alimwambia jina lake halisi: ni ugonjwa wa hisia, unaompandisha mtu juu kupita kiasi kisha unamshusha chini kupita kiasi, na unatibika. Dawa, usingizi wa kutosha na kliniki ya Kilosa kila mwezi vikamrudisha. Akamaliza chuo, kachelewa mwaka mzima lakini kamaliza. Ugonjwa haukurudi tena. Kilichobaki ni kwamba kwao furaha ilikuwa imeharibiwa jina. Mhoja akicheka sana, nyumba nzima hunyamaza.

Jioni ile kaka yake, Jovin, aliporudi na bodaboda yake, alimrusha juu dada mtu kama mtoto. Kisha akamweka chini na kumnyooshea kidole.

"Sasa nisikilize. Yale mambo ya hospitali, kimya. Mdomo huponza kichwa."

"Wakiniuliza kwa nini nilichelewa mwaka?"

"Uliumwa, ukapona. Nani anaulizwa aliugua malaria mwaka gani?"

"Malaria haimtembezi mtu peku barabarani, kaka."

"Na wewe sasa hivi uko peku?" Jovin akamtazama miguuni. "Una viatu. Una leseni. Una akili kunizidi mimi. Nyamaza, upate kazi."

Njia zote mbili Mhoja alishazipita. Mara ya kwanza, kwenye hoteli moja kubwa, aliulizwa kuhusu mwaka ule na akamwaga kila kitu, tangu mapazia mpaka barabara ya Dumila. Wale waliomhoji wakawa wapole ghafla, ule upole wa msibani. Wakamwambia watampigia. Mpaka leo. Mara ya pili alinyamaza, akapata kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni. Akawa anameza dawa chooni kama mwizi. Akapangiwa zamu za usiku mfululizo, naye hakuwa na la kusema, kwa sababu angesema nini? Usingizi ukaanza kukatika. Alipohisi mawazo yameanza kukimbizana, akaacha kazi mwenyewe kabla hajaanguka, na mwenye nyumba akamsindikiza kwa maneno: mabinti wa siku hizi wavivu.

Kesho yake akaenda Kilosa mjini kumwona nesi Ida.

Ida alikuwa mwanamke mfupi wa umri wa makamo, mwenye kicheko kinachosikika mpaka foleni ya nje, na alikuwa amemhudumia Mhoja tangu siku ile ya kwanza alipoingizwa pale hana hata nguvu ya kutaja jina lake. Aliposikia habari za Mikumi alipiga makofi.

"Usaili na kuendesha! Haya, kaa. Nieleze polepole, siendi popote."

Mhoja akaeleza. Akamalizia na fundisho la kaka yake kwamba mdomo huponza kichwa.

"Na mimi nikikwambia mficha maradhi kifo humuumbua, utafanyaje? Methali zipo za kila upande, mdogo wangu. Hazitakwenda na wewe Mikumi. Hebu nijibu: wale wa kwanza uliwaeleza yote yale ili iweje?"

Mhoja alifikiri. "Nilitaka... sijui, dada. Nadhani nilitaka wanisamehe."

"Wakusamehe nini?"

Mhoja akatazama vidole vyake.

"Ulikwenda kuungama," Ida alisema. "Kuugua si dhambi. Hakuna mwajiri mwenye haki ya kugeuza maisha yako nje ndani kama mfuko wa koti. Na wale wa pili?"

"Wale niliwaogopa. Nikashindwa kuomba hata kile nilichokuwa nakihitaji."

"Ehee. Sasa tumefika. Kazi hii ya Mikumi ina jambo gani linalogusa afya yako?"

"Kuendesha, daktari alisharuhusu. Tatizo ni usingizi. Usiku mmoja mmoja naweza. Usiku mfululizo, hapana."

"Basi hilo ndilo linalohusu kazi. Lililobaki ni mali yako, unampa unayemtaka, siku unayotaka. Na ukiamua kunyamaza kabisa, sitakununia. Dawa zako utazikuta hapa hapa." Akamshika mkono. "Lakini usiamue kwa woga. Nenda kwanza ukawaonyeshe unavyoendesha gari!"

Jumatano Jovin alimpeleka kwa bodaboda. Barabara ya kutoka Ulaya ilikuwa imefumuliwa na mafundi, mashine zinanguruma, vumbi jekundu kila mahali, na Mhoja alikuwa amejifunika khanga mwili mzima ili shati lake la kaki lifike Mikumi likiwa bado kaki. Alijaribu kuwaza majina ya ndege, yakamponyoka. Akajaribu kuwaza la kusema, nalo likamponyoka. Akaamua kuutazama mgongo wa kaka yake na kuhesabu milima ya mbali.

Hildegarda alikuwa mrefu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Pembeni yake alikaa Makarius, mkuu wa madereva, mzee wa kofia iliyopauka kwa jua, ambaye alijibu shikamoo kwa "marahaba" moja na hakuongeza neno. Maswali yalikuwa ya kawaida. Mgeni akizimia kwa joto utafanya nini? Gari likikwama matopeni? Kisha Hildegarda akauliza kuhusu mwaka ule wa chuo.

"Niliugua, nikatibiwa, nikarudi nikamaliza," Mhoja alisema. Maneno hayo yalikuwa kweli tupu, na yalitoka bila kutetemeka.

Hildegarda akaitikia kwa kichwa. "Haya, twende porini."

Wakashika barabara kuu, ile inayoikata hifadhi katikati, malori ya Zambia yanawapita kwa kishindo, mpaka getini. Na walipoiacha lami na kuingia uwanda wa Mkata, Mhoja alihisi kitu kinafunguka kifuani. Nyasi za dhahabu mpaka upeo wa macho. Twiga watatu wameinua shingo kama wanaosikiliza habari. Pundamilia, nyumbu, swala. Usukani ulikuwa mwepesi mikononi, na majina yote yaliyomponyoka njiani yakarudi yenyewe, moja moja, kwa adabu.

Makarius, aliyekaa kiti cha nyuma kabisa, akaanza uigizaji wake. "Dada! Mimi ni mgeni wako. Nimekuja kuona simba. Twiga sitaki."

"Karibu sana, mgeni wangu," Mhoja alijibu bila kugeuka. "Simba hajaniambia leo yuko wapi. Ila nikimwona, wewe utakuwa wa pili kujua."

Hildegarda akacheka. Mzee akaguna.

Karibu na korongo moja walikuta tembo wanavuka, majike na watoto wao. Mhoja alisimama mbali, akazima injini. Vuka, vuka, vuka, mpaka jike moja kubwa likageuka, likatandaza masikio na kuanza kuja. Kishindo chake kilikuwa kinasikika ardhini.

"Rudi nyuma!" Makarius alipaza sauti. "Anatuua! Rudi!"

Mhoja alijua anajaribiwa, na alijua vilevile kwamba tembo haigizi. Mkono mmoja ukaenda kwenye ufunguo, ukatulia hapo. "Tukae kimya," alisema kwa sauti ya chini. "Kichwa bado kiko juu na mkonga uko nje. Anatutisha tu. Akiinamisha kichwa na kukunja mkonga, naondoa gari."

Jike lilifika pale ambapo unaweza kuona kope zake. Likasimama. Likachota vumbi na kulirusha angani, likawatazama kwa dharau kubwa, likageuka kuwafuata wanawe.

Mhoja alicheka. Kicheko kilimtoka chote, bila kuomba ruhusa, na hapo hapo akashtuka na kujipeleleza kama mama yake anavyompeleleza. Mikono je? Imetulia. Mawazo? Yanapita moja moja, hayasukumani. Usiku alilala fofofo. Akaona basi, ni haki yake. Akacheka tena, na safari hii Makarius naye akacheka.

Waliporudi kambini Hildegarda hakuzungusha maneno. "Kazi ni yako. Unaanza Jumatatu. Msimu huu wageni wengi wanakuja na treni ya umeme, wanashuka Kilosa usiku. Dereva mpya huanzia hapo: unawapokea stesheni usiku, unawaleta, asubuhi unawapeleka porini. Majuma mawili ya kwanza mfululizo, kisha tunabadilishana. Sawa?"

Neno "sawa" lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Nje ya lango alimwona Jovin amekaa juu ya pikipiki, anamwonyesha dole gumba kwa kuuliza. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Silabi mbili.

"Mama, kazi hii naitaka kuliko ninavyoweza kusema," Mhoja alisema. "Lakini zamu ya usiku mfululizo siwezi, na ningependa mjue kwa nini."

Akawaambia. Hakuanza na mapazia, wala Dumila hakuitaja. Alisema aliwahi kuugua ugonjwa wa hisia, akalazwa. Kwamba ni mwaka wa nne sasa hajaugua tena, yuko chini ya daktari na anatumia dawa. Kwamba daktari amemruhusu kuendesha. Na kwamba kinachomlinda kuliko vyote ni kulala. Ilichukua muda mfupi kuliko kubadilisha tairi. Sauti ilitetemeka mara moja tu, kwenye neno "nikalazwa", akaona kama anamsimulia mtu mwingine.

Makarius akavua kofia.

"Nikuulize swali la dereva, binti. Nyuma una wageni sita. Mbele una jike kama lile la leo. Ugonjwa ukija hapo?"

"Hauji hivyo, mzee. Hauji kama degedege. Huanza na usingizi, siku kadhaa kabla, na mimi nazijua hatua zake. Nisipolala vizuri siku mbili, mimi mwenyewe nitakuletea ufunguo."

"Ungeweza kunyamaza. Kazi ulishapewa."

"Mahali fulani nilinyamaza. Nikalazimika kuondoka mwezi haujaisha. Hapa sitaki kuondoka."

Hildegarda alivaa miwani, akaivua. Uso wake haukusomeka. "Umenipa jambo la kufikiri, Mhoja, na sitakudanganya kwamba jibu ninalo. Uhai wa watu uko mikononi mwangu. Nipe mpaka kesho."

Alipoambiwa yote, njia nzima Jovin alipiga kelele kuushinda upepo. "Walishakupa! Walishakupa, ukawarudishia!"

"Walishanipa!" Mhoja naye alipiga kelele. "Umesikia unachosema? Wameona naendesha, wakanipa! Hilo hakuna wa kunipokonya!"

Na ajabu, mwili wake ulikuwa mwepesi. Aliogopa, ndiyo, lakini hakuwa na kitu cha kuficha chini ya khanga. Walipofika Zombo alikula ugali wa watu wawili, akalala mapema kama kuku.

Kesho yake simu ilimkuta mtoni na ndama. Aliiangalia ikiita mpaka karibu ikatike.

"Mhoja, ni Hildegarda. Nimeongea na daktari rafiki yangu, sikumtajia jina lako. Nimeongea na Makarius pia. Anasema afadhali dereva anayejua siku ya kukabidhi ufunguo kuliko wale madereva wawili wanaomwambia kila asubuhi hawakunywa pombe jana."

Mhoja aliziba mdomo kwa kiganja.

"Utaanza na safari za mchana. Treni za usiku utachukua mara mojamoja, kwa kupokezana. Miezi mitatu ya majaribio, kama kila mtu. Jambo lako tunalijua mimi na Makarius, na litaishia hapo mpaka wewe utake vingine. Ila usiku usipolala, naambiwa asubuhi kabla hujagusa gari. Hilo si ombi."

"Nimekubali, mama. Asante. Nimekubali!"

Alikimbia kupanda ukingo wa mto, ndama nyuma yake wanadhani kuna chumvi. Marciana alimwona anakuja mbio, akasimama. Macho yake yalianza tena ile kazi yake ya ukaguzi, na Mhoja akayaacha yakague mpaka yaridhike. Ndipo Marciana akatupa ungo, akashika kiuno, akapiga vigelegele ambavyo majirani walivijia wakidhani kuna posa. Jovin alisikia habari kwa simu akiwa na abiria. Alimshusha abiria huyo katikati ya njia ili apate nafasi ya kucheza, kisha akamwomba radhi na kumpandisha tena.

Jumatatu wageni wa kwanza wa Mhoja walikuwa akina mama wa kwaya kutoka Dodoma, sita, wamevaa vitenge vya sare na hawajawahi kuingia hifadhini. Waliimba tangu getini. Waliwapigia makofi pundamilia. Mmoja aliuliza kama twiga ana ndoa. Mhoja alijibu yote, anaendesha, anacheka nao, mpaka kwenye uvuli wa migunga alipoona kitu kikitikisika majanini, akakanyaga breki taratibu.

Masikio. Masikio ya duara, makubwa, mengi. Ngozi ya madoa ya njano, meusi na meupe kama rangi iliyomwagika.

Makarius alishamwambia kuna madereva waliomaliza msimu mzima bila kuwaona.

"Akina mama," alinong'ona, na kwaya nzima ikanyamaza. "Mbwa mwitu. Kundi zima. Msiinuke, tazameni kulia."

Watoto wa kundi wakatoka vichakani wanakimbizana, wanaumana mikia, wanabingirika mbele ya tairi kana kwamba gari ni mti. Mama mmoja alianza kulia kwa furaha, mwingine akamziba mdomo huku naye analia. Mhoja akachukua redio ya mawasiliano, akaiminya, na sauti yake ikaruka juu bila yeye kuizuia:

"Mzee Makarius, njoo! Njoo na magari yote! Hutaamini!"